Kisanduku cha Jina la Mjenzi

Mapendo mwanangu,

Habari za blanketi, za akiba ya chakula cha njiani, za mlango usiofunguliwa ovyo na za simu ya kila Jumapili, mama yako amekwisha kukueleza, na kwa kuwa yeye huzieleza vizuri kuliko mimi, sitazirudia. Kesho asubuhi basi la Bloemfontein litaondoka, nami naijua tabia yangu: mbele ya mlango wa basi nitaanza kubishana na kondakta kuhusu uzito wa sanduku lako, na nafasi ya kusema jambo la maana itakuwa imekwisha kupita. Kwa hiyo naandika.

Unakwenda kujifunza kuchora ramani za majengo. Baada ya miaka michache, pembeni mwa karatasi kubwa, mahali wanapoandika nani kachora na nani anawajibika, litakuwapo jina lako. Walimu wako watakufundisha mengi ambayo mimi siyajui. Liko moja ambalo nadhani nalijua kuliko wao, nalo sikulipata kwa kusoma. Nililipata kwa kulikosea, kisha kwa kulisimulia vibaya, na hadithi hiyo mbaya nilikusimulia wewe.

Tulipofika Durban ulikuwa na miaka miwili, mimi ishirini na minne. Nilikuwa na cheti cha chuo cha ujenzi cha Bukavu, ambacho hakuna ofisi iliyotaka kukisoma. Nilifanya kazi ya kulinda magari ya watu kwenye maegesho ya South Beach, nimevaa kizibao cha njano, mkononi nimeshika kitabu. Madereva walidhani ni Biblia. Kilikuwa kitabu cha nguvu za mihimili, na nilihakikisha jalada linaonekana. Nakwambia hili ili ujue nilikuwa mtu wa namna gani: umaskini niliuvumilia, kutotambuliwa kulinishinda. Miaka kumi na moja baadaye, nilipopata shahada kwa masomo ya mbali, nilikuwa mhitimu mpya kwa mara ya pili, na mtu anayehitimu mara mbili hujivuna mara nne.

Aliyetupa mahali pa kulala katika miaka ile ya kwanza ni Bibi Zuhura wa Chatsworth. Humkumbuki kama mimi ninavyomkumbuka, kwa sababu kwako alikuwa bibi tu, mwenye biriani na televisheni. Ni Mzanzibari, kama wanavyoitwa hapa wale ambao wazee wao waliletwa Natal kutoka pwani ya kaskazini na wakakaa Bluff, karibu na bandari, mpaka serikali ya ubaguzi ya wakati ule ilipowahamishia Chatsworth. Alinikuta nje ya msikiti nikiuliza njia kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiswahili cha kwao, kilichochakaa kidogo, na jioni ile tukalala katika chumba chake cha nyuma. Tulikaa miaka mitatu. Hakuwahi kutuuliza tutaondoka lini.

Basi, miaka mitano iliyopita, Bibi Zuhura alitaka kuongeza vyumba viwili nyuma ya nyumba yake ili binti yake Shamila atoke South Beach, alikokuwa akibanana na watoto wawili katika chumba kimoja, ghorofa ya tisa. Watu wa kanisa letu, Wakongomani na Warundi, wakasema: huyu mama amewahifadhi wengi wetu, tutamjengea kwa salongo. Unaijua salongo ya hapa, kazi ya pamoja ya Jumamosi, nyimbo na chai ya maziwa. Nyumbani ilikuwa amri ya serikali, na wazee wetu waliichukia. Ilibidi tuvuke mipaka mitatu minne ndipo tuipende. Ina adabu zake. Hakuna msimamizi. Hakuna anayesema nilijenga mimi. Ukishukuriwa, unajibu: tulikuwa wengi.

Adabu hiyo ni nzuri, na mimi ndiye niliyeiharibu.

Kwa kweli msimamizi alikuwapo. Ramani niliichora mimi, kwenye karatasi ya daftari lako la hesabu. Vipimo vilikuwa vyangu, na kila fundi aliyeuliza swali aliletwa kwangu. Shahada yangu mpya ilikuwa na umri wa miezi minne. Bibi Zuhura aliniuliza kama haitupasi kupeleka ramani manispaa kwanza. Nikampa somo. Nilikuwa nimezisoma kanuni za ujenzi na sheria ya usajili wa wajenzi, na nilikuwa nimegundua kwamba sheria ile iliwalenga wanaojenga nyumba mpya kama biashara; kwa nyongeza ya nyuma, inayojengwa bila malipo, haikusema kitu cha wazi. Kuhusu ramani zenyewe kanuni zilisema wazi kabisa, lakini sehemu hiyo niliipita haraka, kama mtu anavyompita mdai wake barabarani. Niliona pengo katika sheria nikapenya, nyuma yangu wanaume ishirini na wawili na mama mzee aliyeniamini.

Fundi mwashi wetu mkuu alikuwa Ndayi, Mrundi, mtu wa maneno machache na timazi ya risasi, ya kupimia wima, aliyoirithi. Mteremko wa nyuma tuliukata wima, na ukuta wa nyuma wa vyumba ndio uliotakiwa kuzuia udongo. Ndayi aliuchota udongo ule mwekundu, akausugua kwa vidole, akaniita.

“Injinia, hii iko sukari. Ikikauka, jiwe. Ikikunywa maji, chai. Tuache matundu ya maji chini, na ukuta iwe mbili.”

Nikamjibu kwamba nimekwisha kupiga hesabu. Na nilikuwa nimezipiga, ila kwa udongo wa Bukavu, mfinyanzi unaoshikana, kwa maana ndio udongo niliofundishwa nikiwa kijana na sikuwahi kufikiri kwamba udongo una nchi yake. Ndayi akasisitiza mara moja zaidi. Nikamuuliza, mbele ya watu, alisomea wapi. Watu wakacheka. Ndayi naye akacheka, akasema alisomea chini ya ukuta uliomwangukia mjomba wake, akarudi kupanga matofali, mstari mmoja, bila matundu, kama nilivyotaka. Vyumba vilikwisha kwa Jumamosi sita. Shamila akahamia.

Mvua kubwa ilikuja kabla ya mwaka kwisha. Ukuta haukuanguka. Ulivimba katikati kama tumbo, ukapasuka kona mbili, na tope likaanza kutoka kwenye ufa kuelekea uani kwa jirani wa chini. Hakuumia mtu. Shamila na watoto walitoka na magodoro, wakarudi ghorofa ya tisa, ambako wako mpaka leo. Jirani akapiga simu manispaa, na siku ya tatu mkaguzi wa majengo akafika.

Hapa ndipo hadithi uliyoisikia kwangu inapoanza, na ndipo inapopotoka.

Wewe ulikuwa shuleni. Jioni ile, mezani, nilikusimulia jinsi nilivyomshinda mkaguzi kwa hoja. Ulicheka mpaka ukapaliwa. Baadaye ulikwenda kuisimulia darasani, kwenye zoezi la kuzungumza mbele ya wenzako, na mwalimu akakupa alama za juu. Ulirudi nyumbani ukaniambia kwamba baba yako ni mfano wa mtu asiyeogopa wakubwa. Nilikubali sifa hiyo na chakula changu nikamaliza. Tangu hapo umeisimulia mara ngapi, sijui. Hii ndiyo habari ilivyokuwa.

Mkaguzi alikuwa Mzulu wa makamo, mpole, viatu vyake vimejaa tope kuliko vyetu. Tulikuwa sita pale uani, pamoja na Ndayi, na Bibi Zuhura alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni. Aliuzunguka ukuta, akapiga picha, akatoa fomu. Akauliza nani alijenga. Hakuna aliyejibu, kwa maana adabu ya salongo ndivyo inavyotaka, na pia kwa maana wengine, kama Ndayi, walikuwa na karatasi za hifadhi ya ukimbizi zinazohitaji kupigwa muhuri upya kila miezi michache, na hawakutaka jina lao liingie katika karatasi nyingine yoyote. Macho yote yakanigeukia mimi. Nikasema, “Sisi sote.”

Mkaguzi akaniangalia. “Sawa. Na huyu Sisi Sote, namba yake ya kitambulisho ni ngapi?”

Wenzangu walicheka, hata mimi. Kisha nikaanza. Nilimweleza maana ya mjenzi katika sheria. Nilimweleza tofauti ya kazi ya ujira na kazi ya hisani. Nilimpeleka mpaka kwa wanafalsafa wa mali ya pamoja, nikamrudisha kwa utu wa watu wake mwenyewe. Nilizungumza kwa ufasaha, Mapendo. Sijawahi kuzungumza vile tena. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na hilo ndilo nililokuambia kwamba ni ushindi. Sikukuambia alichosema baadaye.

Alisema, “Kaka, labda una haki. Lakini hapa pana kisanduku, na siwezi kurudi ofisini kikiwa kitupu.”

Nikakitazama. Kisanduku kilikuwa kidogo, urefu wa kidole. Nilijua kabisa jina linalopaswa kuandikwa humo. Nilijua vilevile kwamba nilikuwa nikijiandaa kuomba usajili wa ukandarasi, na kwamba jina lililokwisha kuandikwa pale lingenifuata. Sikupigana na mawazo hayo kwa muda mrefu. Ndayi alikuwa akiangalia timazi yake. Ndipo Bibi Zuhura akasema kutoka kwenye kiti chake, “Andika mimi. Nyumba ni yangu.”

Mkaguzi akamuuliza mara mbili kama anaelewa. Akasema anaelewa. Mkaguzi akaandika.

Amri ya kubomoa ilikuja kwa jina lake. Tulibomoa kwa salongo, kwa kuwa hatukujua njia nyingine ya kufanya jambo. Safari hii tulifika kumi na mmoja. Bibi Zuhura alipika kama alivyopika tulipokuwa tukijenga, sufuria ileile, na tulikula tukiwa tumesimama. Hakuna aliyeanzisha wimbo. Matofali mazima tuliyapanga kando ya uzio, na yapo pale hadi sasa, majani yameota kati yake.

Mwaka uliofuata nilipata usajili. Ndipo ukaanza ule mjadala mrefu wa sheria mpya, na wewe mwenyewe umenisikia nikinguruma ukumbini kwetu mbele ya mafundi: kwamba sasa hata anayeongeza chumba au kurekebisha paa la nyumba ya mtu lazima awe amesajiliwa, kwamba jina lake lazima liandikishwe kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi, kwamba sheria hii inahesabu vyeti na haihesabu mikono. Sijabadili mawazo katika hoja zile zote. Bado naamini sheria inayomfungia nje Ndayi kwa sababu ya karatasi zake, na kunikaribisha mimi kwa sababu ya zangu, ina kasoro. Katika uwanja ule wa Chatsworth ni yeye aliyejua na mimi niliyekuwa na shahada. Utaisoma sheria hiyo huko uendako, na ningependa uibishie panapostahili. Lakini nilipokuwa jukwaani nikiishambulia kifungu kwa kifungu, na watu wakinipigia makofi, nilifika kwenye kile cha jina la mjenzi, nikafunua ukurasa bila kukigusa. Hakuna aliyegundua. Mimi niligundua.

Sheria ilipoanza kutumika tulitakiwa kuomba usajili upya. Fomu ina swali: je, umewahi kufanya au kusimamia kazi ya ujenzi wa makazi iliyotolewa amri ya kubomolewa? Nikajaza Hapana. Nilijiambia kwamba msimamizi hakuwapo, kwamba tulikuwa wengi. Unaona jinsi neno zuri linavyoweza kutumika.

Mwezi uliopita Shamila alinipigia simu. Hakuwa na lawama. Aliomba tu nimchoree ramani halali ya vyumba vile, kwa kuwa mama yake anazeeka na hataki tena kumwacha peke yake. Alinieleza kwamba Bibi Zuhura ameanguka bafuni mara mbili tangu mwaka huu uanze. Nilichora, safari hii kwa hesabu za udongo wa hapa, ukuta wa tofali mbili, na Ndayi nikamwonyesha kwanza. Akaitazama muda mrefu, akasema, “Sasa umesoma,” akanirudishia. Manispaa waliikataa. Hawakukataa ramani, walikataa kiwanja. Jalada la zamani bado liko wazi: mwenye nyumba alijenga kinyume cha kanuni, na maelezo ya aliyechora na kusimamia kazi ile hayajawahi kuwasilishwa. Yasipowasilishwa hakuna kitakachoidhinishwa pale. Karani alilieleza hilo kwa upole, akidhani namwakilisha mteja.

Kwa hiyo jambo lenyewe si gumu kulielewa. Nikikaa kimya, Bibi Zuhura ataendelea kuishi peke yake na Shamila ataendelea kubaki ghorofa ya tisa. Nikiandika, jalada litafungwa kwa jina langu, na wasajili watataka kujua kwa nini nilijibu Hapana. Huenda wakanionya. Huenda wakanifutia cheti. Cheti hicho, nadhani unafahamu, ndicho kinachokupeleka Bloemfontein.

Mama yako nilimwambia juma lililopita. Alikuwa akikunja nguo zako. Alisema, “Acha mtoto amalize mwaka moja kwanza, Papa Mapendo. Umengoja mitano. Huu moja tena itakuua?” Nilikuwa na majibu kumi ya kumpa, na mengine yalikuwa mazuri. Sikumpa hata moja, kwa sababu mwenye haki ya kukasirika alikuwa yeye. Asubuhi yake aliniwekea shati lililopigwa pasi juu ya kiti, akasema kama ninakwenda kuapa nisiende nimekunjamana.

Niliandika hati ya kiapo, kurasa mbili, nikaiapa kituo cha polisi, kama ilivyo desturi ya hapa. Nilieleza kwamba mimi ndiye niliyechora, niliyesimamia, niliyekataa ushauri wa fundi na niliyemwambia mwenye nyumba asipeleke ramani. Ndayi nilimwita “fundi mmoja”, kwa ombi lake. Jumatatu, wewe ukiwa umekwisha kufika, nakala moja itakwenda manispaa na nyingine kwa wasajili. Sikutaka uipate habari hii kwa simu ya mtu mwingine, wala sikutaka uisikie ikiwa imekwisha kupambwa. Mimi ni mtu wa kupamba. Sehemu kubwa ya nilichokufundisha kuhusu kuzungumza ni upambaji, na umenipita kwa kipaji. Utakapokuwa na mteja mbele yako, na mwashi asiye na cheti nyuma yako anakwambia jambo usilotaka kulisikia, sijui utafanya nini. Ninachoweza kukupa ni habari ya nilichofanya mimi.

Leo mchana nilikwenda Chatsworth kumsomea Bibi Zuhura hati hiyo kabla haijatoka mikononi mwangu. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipofika mahali nilipoandika kwamba alitoa jina lake kwa hiari, kutokana na ukarimu, akaninyooshea kidole.

“Hapana. Hapo umekosea. Niliogopa.”

Nikamuuliza aliogopa nini.

“Nilipokuwa mtoto, kule Bluff, mzungu alikuja na karatasi. Akauliza nyumba hii nani anakaa, baba akataja jina. Nyumba ya pili, jina. Baadaye lori likaja kwa kila jina. Basi siku ile nilimwona yule na kalamu, ninyi mmenyamaza kama mmemwagiwa maji. Nikasema, akiandika jina la huyu mwanangu, watamrudisha kwao kwenye vita, na mtoto wake mdogo. Mimi wataniondoa waniweke wapi? Nimekwisha kuondolewa.”

Sikuwahi kulijua hilo. Miaka mitano nimejihesabu kuwa na deni la ukarimu, kumbe alikuwa amejiweka mbele ya lori kwa ajili yetu. Na lori lenyewe, Mapendo, halikuwapo. Kibali changu cha kuishi nchini kwa kudumu kilikuwa kimetoka tangu mwaka uliotangulia. Kilikuwa mfukoni mwa koti nililovaa, kwa sababu wakati ule nilitembea nacho kila mahali, nikipenda kukionyesha. Ndayi alikuwa na sababu ya kunyamaza. Mimi sikuwa nayo. Neno moja langu lingemtoa hofu mama yule, na mkaguzi angekwenda zake na jina linalostahili.

Nilimwambia Bibi Zuhura habari ya kibali. Kisha akauliza kama nitakunywa chai, nami nikasema nitakunywa.

Nikitoka pale nilipitia kituo cha polisi kilekile nilikokuwa nimeapa juma lililopita, nikaomba hati ifunguliwe upya. Nilifuta maneno kwa hiari na kutokana na ukarimu. Mahali pake niliandika kwa mkono: Alitoa jina lake akiamini kwamba nitafukuzwa nchini, nilikuwa na kibali cha kudumu siku hiyo, na sikumwambia. Askari aliyekuwa zamu, msichana wa umri usiozidi wako sana, aliisoma, akaniuliza kama sentensi ile inatakiwa kisheria. Nikamwambia haitakiwi. Akaniomba niweke sahihi pembeni ya masahihisho, kisha akagonga muhuri.

Baba yako